Jiko Namba Mia Moja na Kumi na Saba

Nchi yenyewe haijifichi, ukiitafuta utaipata. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Huko kila kitu ni shwari kwa mujibu wa sheria, na asiyeuona ushwari huo hupewa miezi sita ndani ili autazame vizuri. Nchi hiyo ina Jimbo la Mpingoni, jimbo lina kijiji cha Kwembago, na Kwembago kulikuwa na mgane mmoja mbishi, jina lake Shekue. Alisoma mpaka darasa la pili, akaacha siku mwalimu alipohamishwa asiletwe mwingine. Herufi anazijua, ila anazisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: moja, anasimama, anatazama, nyingine.

Siku Mheshimiwa Ngwatu, Mkuu wa Jimbo, alipokuja kuzindua mradi wa makaburi, Shekue alisimama juani masaa matatu. Mbele yake palikuwa na viti vya plastiki, vyeupe, safu nzima tupu.

"Mzee, kaa," wakamwambia.

"Sikai."

"Miguu itakuuma."

"Inaniuma mimi, haikuumi wewe."

Viti vile alikuwa anavijua. Miaka mitatu nyuma mkewe, Mashavu, alishikwa na tumbo asubuhi na mapema. Wakapiga simu hospitali kuomba gari la wagonjwa. Gari lilikuwepo, zima, lina mafuta, lina hata dereva. Ila siku hiyo lilikuwa limebeba viti hivyo hivyo kuvipeleka kwenye uzinduzi wa Wiki ya Afya. Viti vilifika salama, hakuna hata kimoja kilichovunjika mguu. Mashavu alifika hospitali saa kumi alasiri juu ya mkokoteni wa punda, na hapo hakuwa tena na shida na daktari.

Basi Mheshimiwa akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wenzetu wa nchi nyingine wanawashughulikia walio hai tu. Huo ni ubaguzi! Serikali yangu haimwachi mtu nyuma, hata yule aliyetutangulia! Kuanzia leo makaburi yote ya kihistoria ya jimbo letu yatatafitiwa na kuchorwa kwenye ramani, na ramani hiyo itakuwa mali ya umma. Umma ni nani?"

"Ni sisi!"

"Hapana," akasema Mheshimiwa kwa upole. "Umma ni serikali. Ninyi ni wananchi."

Watu wakapiga makofi, maana askari walishaanza kupiga. Halafu, wakati watu wanajifuta vumbi waondoke, katibu akasoma kipande cha mwisho kwa sauti ndogo. Eneo lolote ambalo halitakuwa kwenye ramani mpaka mwisho wa kiangazi litahesabiwa kuwa si makaburi, na waliozikwa humo watahesabiwa kuwa wamehama.

*

Watu wa Kwembago wana desturi yao. Mwanamke akifa, mafiga yake matatu hung'olewa jikoni siku ile ile, na masizi yake, yakabebwa mpaka Kilima cha Maguru na kupandwa juu ya kaburi: mawili kichwani, moja miguuni. Jina haliandikwi. Mwanamume yeye hawekewi kitu. Hulazwa kushoto kwa mkewe, upande ule aliokuwa akikaa akisubiri kupakuliwa. Akitangulia yeye, hulala bila alama mpaka mwenye mafiga amfuate. Nyumba moja jiko moja, mkiwa hai na mkiwa maiti. Ndiyo maana kilima chote kimejaa mafiga, matatu matatu, mengine yamezama kwenye nyasi hata mjukuu wa mwenyewe hajui ni ya nani.

Kwa hiyo nyumbani kwa Shekue hapakuwa na moto tangu Mashavu aondoke. Alikuwa anakula kwa shemeji yake, Bi Nyanzala, mdogo wa marehemu, mwanamke mwenye ulimi wa wembe.

"Shemeji, leo umekuja na njaa au na lawama?"

"Vyote."

"Basi anza na njaa. Lawama hazipoi."

Akala. Kisha akasema alichokuja nacho. "Nataka Mashavu awe kwenye ramani hiyo. Na nafasi yangu ya kushoto nayo iwe na karatasi. Kifua hiki masika hakiyaoni yakiisha."

"Wewe! Wale wale?"

"Wale wale."

"Walioshindwa kumpata dada akiwa hai, anapiga kelele, ndio watampata sasa amenyamaza?"

Shekue akanawa mikono. Serikali aliichukia kuliko homa, ila homa nayo mtu huifuata dawa yake kule kule inakotolewa, na karatasi hutolewa na wao tu. Kesho yake akapanda kilimani na fyekeo, akafyeka siku tisa, mafiga yote yakaonekana, matatu matatu, makaburi mia tatu na kumi na mawili. Hakuna aliyemtuma. Baadaye watafiti walisema kazi ya utafiti ilirahisishwa sana na hali ya usafi wa eneo.

*

Mtafiti alikuja na magari mawili. Aliitwa Dakta Kasembe. Alikuwa amesomea makaburi miaka kumi na miwili bila kuchafua kiatu, na mkononi alikuwa na kitabu cha mwongozo na fomu.

Walianza bondeni, nyuma ya ghala bovu, kwenye makaburi ya mwaka wa njaa. Pale watu walizikwa haraka, mstari kwa mstari, wazikaji wenyewe wakiwa hawana nguvu ya kwenda chini sana. Dakta akafungua kitabu chake, akapitisha kidole.

"Mwaka huo jimbo lilivunja rekodi ya mavuno," akasema. "Mtu hawezi kufa njaa kwenye mwaka wa rekodi. Haya ni matuta ya viazi, ya kale."

Akaandika. Mwenyekiti wa kijiji, Mbelwa, ambaye baba yake mzazi alikuwa tuta la tatu kutoka njiani, akapewa kalamu.

"Ni viazi kweli," Mbelwa akasema, akatia sahihi huku akitazama pembeni.

Shekue alikuwepo. Angekuwa na akili angerudi nyumbani saa ile ile. Lakini alijiambia: hao hawana alama, sisi tuna alama. Akawatangulia kilimani, anakohoa, anawaonyesha njia.

Dakta alipofika juu akasimama, akageuka pande zote.

"Mwongozo unasema kaburi ni mahali penye maandishi, sanamu au ukuta. Hapa hakuna." Akachuchumaa kwa Mashavu, maana mafiga yake ndiyo yalikuwa mapya kuliko yote. Akasugua jiwe kwa kidole, akanusa. "Masizi!"

"Masizi!" wakaitikia wasaidizi.

"Pigeni picha. Mzee, wewe ni mwenyeji?"

"Mwenyeji."

"Vizuri. Utajibu ndiyo au hapana. Mawe haya ni mafiga?"

"Ndiyo, lakini..."

"Fomu haina lakini. Yalipikiwa?"

"Ndiyo, alipikia mke wangu miaka arobaini na moja, ila sasa..."

"Fomu haina ila. Yana maandishi?"

"Hapana."

"Na yote haya uliyosema ni kweli?"

Shekue akafikiri. Uongo hakusema hata mmoja. "Ni kweli. Ila hujaniuliza nani yuko chini."

"Kila swali lina ukurasa wake, mzee. Dole gumba hapa."

Akaweka dole gumba, akalikandamiza vizuri kabisa, akijua ukurasa unaofuata ndio utakaouliza aliye chini. Dakta akafunga fomu. Ukurasa unaofuata ulikuwa jalada.

*

Ramani ilipokamilika iliwekwa makao makuu ya jimbo, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, ili umma usiichakaze. Wananchi waliruhusiwa kuitazama Jumanne. Shekue akapanda lori la mkaa, akafika Jumanne, akakibandika kipua chake kwenye kioo, akaanza kuvuka mto wake, jiwe kwa jiwe.

Ilimchukua muda. JIKO KUU LA JESHI. Hapa palipikwa chakula cha askari elfu tatu wa Jemadari Ngwatu wa Kwanza, babu yake Mheshimiwa Mkuu wa Jimbo. Meko 312. Chanzo cha habari: mwenyeji wa kijiji, kwa dole gumba lake.

Babu huyo wa Mheshimiwa wazee wa Kwembago wanamkumbuka. Alikuwa akimshikia mwavuli bwana mkubwa mmoja wa kikoloni, na hata huo mwavuli siku moja ulimponyoka. Sasa alikuwa na jeshi. Alipewa na Shekue.

Dirishani alikaa karani, Bi Tausi, mama wa makamo mwenye mihuri minne mbele yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimekuja kurekebisha ramani. Pale Maguru pana watu."

"Kwenye ramani hapana watu, baba. Pana meko."

"Mke wangu yuko pale!"

Bi Tausi akafunua daftari. "Yale yenye masizi mabichi? Hilo ni jiko namba mia moja na kumi na saba."

"Ni kaburi."

"Basi lete uthibitisho wa mwili."

"Nikamfukue mke wangu?"

"Kufukua kunataka kibali."

"Nipe kibali."

"Kibali hutolewa kwa kaburi lililo kwenye ramani. Lako ni jiko, baba. Jiko halifukuliwi."

Shekue akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Kwa hiyo mpaka liwe kaburi ndipo nithibitishe kuwa ni kaburi?"

"Umeelewa haraka. Wengine huja Jumanne tatu." Kisha akashusha sauti. "Na nikushauri usipeleke maneno haya mbele. Ukisema lile si jiko, maana yake jeshi la Jemadari halikula. Kuna sheria mpya. Kosa linaitwa kulilaza jeshi na njaa."

Shekue akamtazama. Alitaka kumtukana, na tusi alikuwa nalo tayari, la nguoni. Lakini yule mama aliangalia mlangoni, akaangalia dari, akasema kama anayeongea na mihuri yake:

"Mimi mwenyewe, baba, mama yangu yuko kwenye viazi."

Akagonga muhuri mmoja mezani, juu ya karatasi tupu. "Anayefuata!"

*

Mwezi uliofuata likatangazwa Tamasha la Meko. Meko yote mia tatu na kumi na mawili yatawashwa, chakula cha kale kitapikwa, na Mheshimiwa ataonja kama alivyoonja babu yake. Wanawake wa Kwembago wakaamriwa kupanda kupika. Asubuhi ya siku yenyewe kila mwanamke akafunika chungu chake kifudifudi, akakaa mlangoni. Hakupanda hata mmoja. Jimbo likaleta wapishi wa hoteli kutoka mjini, wanaume wenye kofia ndefu nyeupe, na lile gari la wagonjwa likaleta viti.

Shekue alikuwa ameshapanda kabla yao. Mpambe wa Mheshimiwa akamkuta amechuchumaa kwenye namba mia moja na kumi na saba, amekumbatia chungu.

"Wewe nani?"

"Mwenyewe."

"Mpishi?"

Akaona nyuma ya mpambe kijana wa kofia ndefu, ana kibiriti, anatafuta pa kukanyaga. Alikuwa anakaribia kukanyaga kifuani pa Mashavu.

"Ndiyo," akasema Shekue. "Mpishi."

Hakuwa amepika maisha yake yote. Akapanga vijiti vitatu, vyembamba, kama Mashavu alivyokuwa akipanga msimu wa kuni chache, ili moto uwe wa kuonekana tu, usishuke chini. Akainama karibu kabisa na ardhi.

"Nivumilie," akasema. "Kama si mimi ni wao."

Akawasha. Chunguni akatia maji. Kisha akahamia kushoto, pale pake, akachimba kwa vidole, akajaza viganja viwili vya udongo, akautia, akakoroga. Alikuwa na mpango wake. Mheshimiwa ataonja, atatema mbele ya kamera zote, atauliza, hii ni nini? Na hapo Shekue atajibu kwa kinywa chake, bila fomu, kwa lakini zake zote na ila zake zote, nchi nzima isikie.

Moshi ukapanda kilimani kote. Kule chini wanawake waliuona. Bi Nyanzala akatia mikono kichwani, akaanza, na wengine wakapokea, kilio kimoja kirefu cha msiba kikazunguka kilima.

"Nini hicho?" Mheshimiwa akauliza.

"Wananchi wanashangilia, Mheshimiwa."

Akaonja pilau namba moja, ndizi namba kumi na mbili, supu namba arobaini. Alipofika kwa Shekue tumbo lilikuwa limejaa na kamera zilikuwa zimesogea, kwa sababu huyu peke yake ndiye aliyefanana na mtu wa kale.

"Mzee wangu! Umetupikia nini?"

"Onja, Mheshimiwa. Kisha useme mwenyewe."

Mheshimiwa akachota kijiko kizima, akatia kinywani. Taya zikasimama. Waliokuwa karibu wakasikia mchanga ukisagika kwenye meno yake. Jicho moja likatoa chozi. Shekue alikuwa tayari, ameshavuta pumzi ya kujibu.

Lakini mtu hatemi chakula cha babu yake mbele ya kamera. Mheshimiwa akameza. Ikachukua muda, shingo ikipanda na kushuka.

"Kitamu," akasema.

"Kitamu!" wakasema wapambe.

"Hiki hasa ndicho alichokula Jemadari!"

Wakapanga foleni. Katibu akaonja. Mpambe akaonja, akafumba macho kwa raha. Dakta Kasembe akaonja mara mbili, akasema kina madini.

"Ni udongo!" Shekue akapiga kelele. "Ni udongo wa kaburi! Huyu hapa ni mke wangu, na hapo mlipochota nitalala mimi! Mmekula kaburi!"

Walisikia, na wasije wakasema hawakusikia. Mwenyekiti Mbelwa alisikia, akatazama pembeni kama kawaida yake. Kisha Mheshimiwa akacheka, meno yamejaa wekundu wa udongo wa Maguru.

"Wapishi wa kale," akasema, "na utani wao!"

Kilima kizima kikacheka. Wengine walicheka mpaka wakashika viti.

*

Wageni walipoondoka kila mmoja aliondoka na jiwe la ukumbusho. Jioni ile Maguru ilibaki majivu na mashimo, na watu wa Kwembago wakapita wakitafuta mama zao wasiwaone. Mafiga ya Mashavu peke yake hayakuguswa. Yalizungushiwa seng'enge, yakawekewa askari, na kibao: HAPA ALIKULA MHESHIMIWA. Kuingia ni Jumanne, kwa foleni.

Kijijini hakuna aliyemsalimia Shekue tena. Dole gumba lile lilikuwa lake, wala hakubisha. Bi Nyanzala alimpakulia kama siku zote, ila hakumuuliza kama amekuja na njaa au na lawama. Alisogeza sahani tu.

Masika yakaja, na kifua kikaja nayo. Jumanne moja, akitema damu kwenye kitambaa, akapanda kilimani, akasimama foleni nyuma ya wanafunzi waliokuja kujifunza historia. Zamu yake ilipofika akamwambia askari:

"Mwanangu, sina maneno mengi. Hapo kushoto pa mafiga ni pangu. Nimechoka, na mwezi huu siumalizi. Waulize wakubwa zako kama nikifa watu wataruhusiwa kunileta."

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Akapiga simu, akaeleza vizuri, akangoja, akaelezwa, akaitikia ndiyo afande mara sita.

"Mzee, pole. Wanasema jikoni hakuzikwi mtu."

"Hapo ni kando ya jiko."

"Nimewaambia. Wanasema kando ya jiko ni jikoni." Akajikuna shingo. "Ila wamesema kama una haraka, kwenye viazi bado nafasi ipo."

Shekue akatazama ndani ya seng'enge. Pale kushoto, alipochota udongo siku ya tamasha, pamebaki kishimo cha viganja viwili, na mvua ilikuwa imekijaza maji.

"Waambie sina haraka," akasema.

"Sasa utakwenda wapi na mvua hii? Kaa kidogo upumue. Viti vipo."

Akamvutia kiti cheupe cha plastiki, akakipangusa kwa mkono wa shati.

"Sikai," akasema Shekue.

Akaizunguka seng'enge polepole, akiishika, mpaka upande wa kushoto. Hapo akajishusha chini kwenye tope, akakunja miguu, akaelekea kwenye mafiga, kama mtu anayesubiri kupakuliwa.